Jarida Ambalo Bao Halikulipata

Juni 1976, kampuni ndogo ya TSR, yenye makao katika mji wa Lake Geneva jimboni Wisconsin, ilitoa toleo la kwanza la jarida la Dragon. Mwaka mmoja baadaye Ian Livingstone na Steve Jackson wakatoa lao London, wakaliita White Dwarf. Yote mawili yalihusu michezo ya njozi ya mezani: watu wanne au watano wanaizunguka meza, mmoja wao anasimulia dunia yenye mazimwi na wachawi, wengine wanajitwalia uhusika, na dadu zinaamua nani ameponea chupuchupu na nani ameliwa. Wanaoyakumbuka majarida hayo hukumbuka zaidi michoro ya majalada yake. Mimi nadai kwamba thamani yake ilikuwa mahali pengine, na kwamba ukiwa Ifakara, Tanzania, unaiona kwa urahisi zaidi, kwa sababu Bonde la Kilombero, kama sehemu nyingi za nchi hii, lina mchezo wenye kina kisichopungua cha ule wa Wisconsin, lakini haukupata jarida la kwake.

Tuanze na haja ya kuwa na jarida. Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa majarida hayo, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson katika vijitabu vitatu vyembamba vilivyojaa mapengo. Kanuni moja ilisomeka hivi katika mji mmoja na vile katika mji wa pili, na kila meza ikawa na sheria zake. Ndipo jarida likawa baraza. Mwaka 1979 Dragon ilianzisha safu ya kujibu maswali ya wasomaji kuhusu kanuni, ambayo mjibuji wake wa kwanza alikuwa Jean Wells. Uingereza walikwenda mbali zaidi. White Dwarf ilikuwa na safu ya Fiend Factory, chini ya Don Turnbull, ambamo wasomaji walituma mazimwi waliyoyabuni wenyewe pamoja na hesabu za nguvu zao. Mazimwi mengi kati ya hayo yalikusanywa katika kitabu cha Fiend Folio cha mwaka 1981. Mmoja wa waliotuma alikuwa kijana Charles Stross, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi. Viumbe wake, githyanki, bado wako hai: aliyecheza Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 kwenye kompyuta amekutana nao. Kijana mwenye umri wa mwanafunzi wa sekondari alitia barua posta, na alichokibuni kikaingia katika mchezo wa dunia nzima bila kuombewa kibali na profesa.

Nisiyapambe majarida hayo kupita kiasi. Dunia yake ilikuwa ya Ulaya ya kale iliyochanganywa na chochote kilichookotwa njiani. Katika kitabu cha mazimwi cha mchezo huo, cha mwaka 1977, kiboko na mamba wameorodheshwa pamoja na majoka, kila mmoja na takwimu zake za mapigano. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anayekesha juu ya dungu akipiga debe ili viboko wasimalize shamba angeshangaa kuambiwa kwamba jirani yake ni kiumbe wa njozi. Mwaka 1989 waandishi wa mchezo huohuo wakaongeza watu wenye vichwa vya kiboko, wapenda bunduki na gwaride, wanaosafiri angani kwa merikebu. Hapo nakiri nilicheka.

Sasa tuliangalie bao. Mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na kila mchezaji ana 32. Bao la Kiswahili halianzi na kete zote ubaoni: unaweka sita kwenye nyumba, yaani shimo kuu la safu yako ya mbele, mbilimbili katika mashimo mawili ya kuume kwake, na 22 zinabaki mkononi. Hatua ya namua inakwenda kete mojamoja mpaka mkono uishe, ndipo mtaji unaanza, hatua ya kucheza na kete zilizoko ubaoni. Ukila, kete ulizokula zinaingia kwa kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele, na kutoka hapo mkono unaweza kuzunguka, kula tena na kuzunguka tena, mpaka mtazamaji mgeni apoteze hesabu huku wachezaji wawili wametulia kama wanaosoma gazeti. Anayemaliza kete za safu ya mbele ya mwenzake, au kumwacha bila mchezo wowote wa kucheza, ameshinda.

Mahali pazuri pa kusikia ubishi ni pale kete ya mwisho inapoangukia kwenye nyumba. Je, mchezaji alale hapo, au aivunje nyumba asafiri nayo? Na nyumba ambayo haijavunjwa inabaki na haki zake namua ikishaisha? Kijiweni swali la namna hiyo linamalizwa na mzee aliyepo, na neno lake ndiyo sheria kwa siku hiyo. Kesho, kwenye kijiwe kingine upande wa pili wa Mto Kilombero, mzee mwingine anaweza kutoa hukumu tofauti kwa uhakika uleule. Dragon ilizaliwa katika hali hiyohiyo kabisa. Tofauti ni kwamba wenzetu walibishana kwa maandishi, kwa hiyo leo tunaweza kufuatilia toleo kwa toleo jinsi kanuni ilivyobadilika, nani aliipinga na kwa hoja gani. Ubishi wa kijiweni ukiisha, umeisha.

Si kwamba bao halikuandikwa. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa huko Leiden utafiti wake kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao, aliowafuata hadi Zanzibar: namna wanavyokokotoa mizunguko mirefu kichwani na namna wanavyokumbuka. Ni kazi nzuri, na anayetaka kuandika kuhusu bao hana budi kupitia hapo. Lakini ndani yake bingwa ni mtu anayechunguzwa. Kilombero inaujua mpangilio huo vizuri. Kitabu cha Culwick, afisa wa kikoloni, na mkewe kuhusu Wabena wa mtoni, cha mwaka 1935, kilimpa chifu wao, Mtema Towegale Kiwanga, sura moja aiandike mwenyewe, jambo lililokuwa la nadra wakati ule, na bado ni sura moja. Tangu Rudolf Geigy alipofungua maabara ya Waswisi hapa Ifakara katika miaka ya 1950, bonde hili limehesabiwa kwa uangalifu ambao sehemu chache za Afrika zimeupata: mbu, vyandarua, na kuanzia mwaka 1996 kaya zenyewe, vizazi na vifo. Siilaumu hesabu hiyo, imeokoa watoto. Nasema tu kwamba kuna aina ya maarifa ambayo mwenyewe asipoyaandika, atakayekuja kuyaandika atayaandika kwa ajili ya haja zake.

Msomaji atasema sisi ni watu wa mdomo, majarida ni mambo ya wenzetu. Historia inakataa. Mambo Leo ilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, na kwa miaka mingi wasomaji ndio walioijaza: barua, habari za miji, na juu ya yote mashairi. Shaaban Robert alipitia humo. Watunzi walijibizana kwa beti, mmoja akifunga fumbo, mwingine akilifungua kutoka mamia ya kilomita mbali. Kwa utaratibu, hiyo ni Fiend Factory nusu karne kabla ya Fiend Factory. Ushairi ulipata baraza la maandishi. Bao, lenye mafumbo yasiyopungua, halikupata.

Kwa nini? Naona sababu kubwa ni kwamba serikali, ya mkoloni na ile iliyofuata, iliutazama ubao kama kituo cha wavivu. Wahariri wa idara ya elimu walitaka usafi, kilimo na maendeleo, na ushairi ulipenya kwa kuwa uliweza kuhubiri hayo. Kete hazihubiri. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, ya kupambana na uzururaji, kukaa kijiweni asubuhi kulihitaji maelezo. Na hayo yalitokea chini ya rais aliyekuwa mpenzi mkubwa wa bao! Mwalimu Nyerere alilicheza hadi uzeeni, lakini mapenzi yake hayakulitoa bao nje ya saa za mapumziko.

Anayetaka kuanzisha jarida la bao leo asiige mwisho wa wenzake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 White Dwarf ilikuwa imegeuka kuwa orodha ya bidhaa za kampuni yake, na michezo ya wengine haikuwa na nafasi tena. Dragon iliendelea kuchapishwa hadi toleo la 359, Septemba 2007, lakini ilikuwa imekwishapata doa: mwaka 1999 matoleo yake 250 ya kwanza yalitolewa kwenye sidii, na baadhi ya waandishi wakalalamika kwamba waliuza haki ya kuchapishwa mara moja tu. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Tasini dhidi ya New York Times, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi waandishi wa magazeti waliokuwa na malalamiko yanayofanana na hayo.

Kwa bao jambo hili la haki ni zito zaidi. Mbinu ya kumfungia mtu asiweze kuokoa nyumba yake ni mtaji wa bingwa, na mabingwa wengi hawaioneshi mbele ya wageni. Kwa nini aipeleke kwa mhariri wa Morogoro au Dar es Salaam? Jibu pekee lenye maana ni masharti: jina lake na la kijiwe chake juu ya mchezo, haki ibaki kwake, na kete zipangwe ukurasani kama alivyozipanga yeye, shimo kwa shimo, hata kama kamati ya kanuni ingezipanga vingine. Asipokubali, mhariri achapishe swali lake tu, na kuacha ukurasa wa jibu wazi kwa kijiwe cha ng'ambo ya mto.