Aliyepanga ratiba hakuimaliza

Kila Januari tunaanza Mwanzo kwa mbio. Ikifika Machi, wengi wetu tumekwama Mambo ya Walawi, tunahesabu siku tulizoruka kama deni la dukani. Mimi pia nimo.

Juzi nikaamua kufuatilia hii ratiba ya sura nne kwa siku ilitoka wapi. Kumbe ni ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Scotland. Aliwaandalia washirika wake mwishoni mwa 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Na aliwaonya mapema kwamba usomaji wa ratiba unaweza kugeuka mazoea tu, ama mzigo.

Sasa sikia. Alifariki Machi 25, 1843, akiwa na miaka 29. Ratiba yake haikuwa imemaliza hata miezi mitatu.

Kwa hivyo kama uko nyuma, wachana na hesabu ya deni. Fungua sura za leo. Hata yeye aliyeipanga hakupewa mwaka mzima, alipewa siku moja moja.