Umati Usio na Nyuso: Paris na Tabaka

Mwaka 1874, katika maonyesho ya kwanza ya wachoraji waimpresionisti, Claude Monet alitundika picha ya barabara ya Boulevard des Capucines, Paris, iliyotazamwa kutoka juu. Wapita njia ni madoa meusi ya brashi, hawana macho wala midomo. Mhakiki Louis Leroy aliandika kejeli ambamo mhusika wake anauliza iwapo naye hufanana hivyo atembeapo pale. Miaka 23 baadaye Camille Pissarro alikaa dirishani hotelini akaichora Boulevard Montmartre tena na tena: asubuhi, kwenye mvua, hata usiku. Nuru ilibadilika, watu walibaki madoa.

Wachongaji wa Tabaka, Kisii, nchini Kenya, nao huziacha nyuso. Sanamu yao ya familia ya jiwe la sabuni ina vichwa laini kama mayai, na mikono imezungukana hadi huoni wa mama unapoishia na wa mtoto unapoanzia. Sababu zao, hata hivyo, ni kinyume na za Monet. Yeye aliupoteza uso kwa umbali na haraka: wageni wanapitana, na jicho halina muda wa kumtambua yeyote. Mchongaji ameshika jiwe mkononi, hana umbali wowote. Anauondoa uso ili kumbatio lionekane. Biashara nayo ina sehemu yake, kwani sanamu isiyo na sura humfaa mnunuzi wa familia yoyote.

Sasa tuseme mchoraji anataka kuchora soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku linapofurika. Akisimama juu mlimani kwa macho ya Monet, atapata rangi: kijani cha mikungu ya ndizi, miavuli, matatu zikijipenyeza. Atakosa kwamba muuzaji na mteja huenda wameulizana ukoo kabla ya kuulizana bei. Akichukua macho ya Tabaka, atapata undugu huo lakini atapoteza msukumano, na soko bila msukumano si soko.

Kuiga Paris hakutoshi, kwa sababu umati wetu haujakuwa wa wageni watupu. Kuiga sanamu pia hakutoshi: soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, hukutanisha hata wasiojuana. Mchoraji wa Kisii atakayefaulu ni yule atakayeonyesha, ndani ya madoa yale yale, nani amemshika nani mkono.