Gari la Mwami

Mjomba alinipigia simu Jumapili moja jioni, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Alisema gari la Babu limepata mteja. Mteja anatoka Arusha, anakusanya Land Rover za zamani, na yuko tayari kutoa shilingi milioni 35 akithibitishiwa mambo mawili: kwamba gari ni la mwaka 1958, na kwamba liliwahi kuwa la Mwami Theresa Ntare.

"Wewe ni mwalimu wa historia," aliniambia. "Andika barua ya ukurasa mmoja tu. Dada yako anaanza chuo Oktoba, na ada unaijua."

Nilikubali haraka, kwa sababu habari yenyewe niliijua kama ninavyolijua jina langu. Kila mtoto wa ukoo wetu pale Titye, Wilaya ya Kasulu, alikua akiambiwa kwamba lile gari lililolala chini ya mwembe lilikuwa la Mwami. Tulilichezea ukonda na udereva, na aliyekaa kiti cha nyuma ndiye aliyekuwa Mwami. Watoto wa majirani walituonea wivu. Wao walikuwa na ng'ombe, sisi tulikuwa na historia.

Kwa msomaji asiyeijua Buha: nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, zilikuwa na tawala kadhaa za Waha, kila moja na Mwami wake. Heru, iliyo Kasulu, ilikuwa mojawapo. Theresa Ntare alikikalia kiti cha Heru tangu miaka ya 1940, akawa miongoni mwa watawala wanawake wachache waliofahamika Tanganyika nzima. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Mwaka huo ushike, tutaurudia.

Mwezi uliofuata nilipanda basi kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu, kisha bodaboda hadi Titye. Begini nilikuwa na brashi ya waya, chupa ya mafuta ya taa, vipande viwili vya chaki na daftari.

*

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, ndiyo maana kampuni ya Rover ikaamua kuivisha bodi ya alumini. Uamuzi huo wa dhiki ndio uliowafanya mafundi wa Kasulu waendelee kuyafufua magari hayo hadi leo: bodi haili kutu. Chasisi, ambayo ni ya chuma, ndiyo inayokufa.

Lakini chasisi ndiyo yenye jina la gari. Bodi unaweza kuibadilisha kama shati. Kadi inaweza kupotea, kuandikwa upya, hata kughushiwa. Kibati cha namba kilichopigiliwa ndani kinang'oka kwa bisibisi. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi ni ngumu zaidi kudanganya, na ndiyo anayoitafuta kwanza kila mtu anayejua kazi hii. Kwenye gari la Babu ilikuwa mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Nililala chali kwenye vumbi, nikapaka mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi kwa karibu nusu saa. Kisha nikapitisha chaki juu ya chuma na kufuta kwa kiganja. Chaki ikabaki kwenye mikwaruzo. Tarakimu zikajitokeza moja moja, kama maandishi ubaoni yaliyofutwa vibaya.

Tatu za mwanzo zilikuwa 252.

Hizo tatu ni lugha ya kiwanda. Zinasema: gari la toleo la pili lililoboreshwa, lililoanza kutengenezwa 1961, refu, lile la inchi 109 kati ya tairi la mbele na la nyuma, injini ya petroli, usukani kulia, limetengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. Lingekuwa limetumwa vipande vipande likaunganishwe ugenini, tarakimu ya tatu ingekuwa 3. Na lingekuwa la mwaka 1958, namba yake ingeanza na 1.

Tarakimu tano zilizofuata ni zamu yake katika foleni ya kiwanda, na mwisho ilikuwapo herufi. Wengi hudhani herufi hiyo ni mwaka. Siyo. Inabadilika pale kiwanda kinapobadilisha kitu kikubwa, ili muuza spea asikupe kifaa cha gari jingine. Mwaka unaupata kwa kulinganisha namba nzima na orodha zilizokwisha kuchapishwa. Nililinganisha. Ilitua 1965.

Sikutaka kuamini ushahidi mmoja. Nikatazama taa kubwa: zilikuwa katikati, pembeni mwa wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamishiwa kwenye mabawa ya mbele, kwa hiyo gari ni la kabla ya hapo. Nikafungua mota ya waipa, ambayo ni ya Lucas. Kampuni hiyo ilikuwa na tabia ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyake. Niliona 11 64: Novemba 1964. Kifaa hutengenezwa kwanza, hukaa stoo, kisha hufungwa kwenye gari, hivyo tarehe yake inatakiwa kulitangulia gari kwa miezi kadhaa. Ingekuwa 11 74, ningejua kimebadilishwa. 11 64 kwenye gari la 1965 ni mtu na ndugu yake.

Ukweli ukawa umesimama mbele yangu na hauna pa kukaa. Gari la 1965 haliwezi kuwa lilimbeba Mwami kwenye shughuli za kiti kilichofutwa 1963.

*

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Injini ni ya Toyota. Gia boksi niliitoa Kibondo. Mlango wa kushoto si wake, viti si vyake. Sasa hiyo namba yako inasema nini kuhusu gari ambalo nusu yake ni magari mengine? Kama linaweza kuwa la 1965 likiwa na injini ya Mjapani, kwa nini lisiwe la Mwami?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Mwaka 1990 liliulizwa Mahakama Kuu jijini London, kuhusu gari la mashindano la Bentley lililoitwa Old Number One, lililoshinda Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi alikubali kulinunua kwa pauni milioni 10, kisha akagoma, akidai kwamba kilichobaki cha gari lile la mashindano ni kidogo mno. Na kweli kilikuwa kidogo: lilikuwa limebadilishwa, likapata ajali, likajengwa tena. Jaji aliamua kwamba ndilo lenyewe hata hivyo. Vipande vilibadilishwa kidogo kidogo, lakini hakuna siku ambayo gari lile lilikoma kuwapo na jingine likachukua jina lake. Uhalisi wake ulikuwa kwenye mfululizo wa maisha yake.

Sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kwenda London kulielewa hilo. Tuna Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadaye injini za mvuke ziling'olewa zikafungwa za dizeli. Jina si lile, injini si ile, bendera zimepita tatu. Hata hivyo hakuna mvuvi wa Ujiji atakayekwambia kwamba hiyo ni meli nyingine.

Kwa hiyo nilimjibu Mjomba kwamba injini ya Toyota si tatizo. Mfululizo haukukatika: hili ni gari lile lile lililotoka kiwandani 1965. Lakini mfululizo huohuo ndio unaotunyima Mwami. Ukiufuata kurudi nyuma, unaisha miaka miwili baada ya kiti chake.

"Basi muulize Bibi yako," alisema. "Yeye alimwona kwa macho."

*

Bibi alikuwa uani anapepeta maharage. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kigoda na kumwuliza kuhusu Mwami.

Alikumbuka vizuri. Alikuwa msichana mdogo. Watu walisimama pande zote mbili za barabara, wanawake wakapiga vigelegele, na Mwami akapita ndani ya gari akiinua mkono. Bibi alikumbuka vumbi, na mama yake akimfunika uso kwa kanga.

"Lilikuwa gari gani, Bibi?"

"Gari."

"Land Rover? Kama hili letu?"

Aliniangalia kama mtu anayeuliza kuku alikuwa na rangi gani. "Mjukuu wangu, siku zile lilikuwa gari. Halikuwa na jina."

Ndipo nikaelewa kwamba habari yenyewe ilitakiwa kukaguliwa kama gari. Kuna kilichotoka nacho kiwandani na kuna kilichofungwa baadaye. Barabara, vigelegele, kanga usoni: hivyo vilikuwa vyake tangu mwanzo, vimechakaa vizuri mahali pake. Sentensi ya kwamba gari lile ndilo hili letu ilikuwa spea. Nikaanza kutafuta tarehe yake.

Niliipata kwa Mjomba mwenyewe, usiku, baada ya ugali. Babu alilinunua gari mnadani, likiwa bovu, na hakuwahi kumtaja Mwami. Babu alipofariki na kadi ikabidi ibadilishwe, Mjomba aliulizwa mwaka wa gari, akataja 1958 kwa sababu alijua ni la zamani sana. Kadi ikaandikwa 1958. Basi watu wakaanza kuuliza: mwaka 1958, nani huku alikuwa na gari? Jibu la kwanza lililomjia kila mtu lilikuwa Mwami. Na Bibi si alimwona? Hivyo kumbukumbu ya kweli ikafungiwa bolti kwenye kadi ya uongo, na sisi watoto tukapanda.

Hakuna aliyekaa chini akapanga kudanganya. Nadhani ndivyo historia nyingi za koo zinavyoundwa.

Niliuliza swali la mwisho, la mlango wa kushoto. Chini ya rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi nilikuwa nimeona buluu, na chini ya buluu nyeupe. Upande mwingine wa gari haukuwa na tabaka hizo.

Mjomba alinyamaza, Bibi akajibu. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Burundi. Watu walikuwa wanavuka mpaka kwa maelfu, wengine na magodoro kichwani, wengine mikono mitupu. Babu alijaza petroli aliyoiweka akiba ya kwenda kuuza maharage, akaenda upande wa mpakani, akarudi na watu. Akaenda tena. Safari ya tatu watu waling'ang'ania mlango hadi ukang'oka bawaba zote mbili, mama mmoja akiwa ameushikilia bado. Walimsogeza ndani, mlango wakauacha barabarani. Ule tulionao uliokotwa kwenye gari bovu miaka kadhaa baadaye.

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Mjomba, ambaye alikuwa kijana na alikaa nyuma siku hiyo, hakuwahi kuisimulia. "Nani angenunua gari kwa sababu ya mlango?" alisema.

*

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, bila muhuri wa shule. Niliandika namba ya chasisi yote, mwaka 1965, tarehe ya mota ya waipa, injini isiyo yake, gia boksi isiyo yake. Niliandika kwamba kadi imekosea mwaka na kwamba hakuna ushahidi wa Mwami. Mwishoni nikaweka sentensi nne kuhusu mlango wa kushoto, nikawataja waliozisimulia.

Mteja alisoma, akashukuru, akashusha bei hadi milioni 19. Mjomba hakunipigia simu kwa miezi miwili. Ada ya dada ililipwa nusu kwa gari na nusu kwa shamba la maharage la Bibi, na hilo sitajisifia, kwa sababu shamba halikuwa langu.

Siku gari lilipochukuliwa nilikuwapo. Kabla halijapandishwa kwenye lori niliweka karatasi juu ya namba, nikasugua kwa penseli mpaka tarakimu zote zikatokea. Mjomba alikuja akachutama kando yangu. Aliitazama karatasi kwa muda, akaniomba penseli, na chini ya namba akaandika kwa herufi kubwa majina saba ya Kirundi. Alikuwa ameyakumbuka yote.