Kabla Hujaposti Picha ya Irente: Kamera Ilivyopanda Usambara na Sura Zetu Zikatoka Nyeusi

Hebu fungua Insta sasa hivi utafute Lushoto. Utaikuta picha ile ile: mtu amekaa ukingoni mwa mwamba wa Irente, mikono kaitanua, nyuma yake nyika ya Mazinde imepotelea kwenye weupe. Mandhari kali, pamba kali. Sasa njoo kwenye sura! Imetoka kama kivuli, macho hayaonekani, hata mama yake mzazi itabidi asome kapsheni ndiyo ajue huyu ni mwanawe. Chini watu wanamshauri anunue simu nyingine.

Simu haina kosa. Hili ni tatizo la zaidi ya miaka mia moja kwenye milima hii. Na kwa kuwa siku hizi vijana wamezirudia zile kamera ndogo za dijitali za mfukoni, zile zenye kamba ya kuvaa mkononi ambazo wengi wetu tulizikuta kwenye kabati la baba mdogo, nimeona tuipitie historia yake taratibu.

Turudi nyuma kidogo. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na ilijikongoja kweli kweli: Korogwe ilifika 1902, Mombo 1905. Kabla ya hapo, aliyetaka kupiga picha Shambalai alitembea kwa miguu kutoka pwani, na mzigo wake ulikuwa kichwani kwa wapagazi: sanduku la kamera la mbao, stendi ya miguu mitatu, kitambaa cheusi cha kujifunika, dawa za kusafishia picha, na vioo. Ndiyo, vioo. Picha moja kioo kimoja. Mpagazi akiteleza kwenye mteremko, picha zimekufa hapo hapo. Treni ilipofika Mombo zikabaki kama kilomita 33 tu za kupanda hadi Lushoto, ambayo Wajerumani waliibatiza Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao.

Baridi ya huku waliipenda. Maofisa walipanda kulikimbia joto la pwani. Wamisionari walikuwa Mlalo tangu 1891. Wataalamu wa mimea na kilimo walifungua taasisi yao Amani, upande wa mashariki wa milima, mwaka 1902. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kupiga picha: ofisa awatambie ndugu zake, mmisionari awaonyeshe wanaomchangia, mtaalamu aambatanishe kwenye ripoti. Halafu Kodak wakaleta Brownie mwaka 1900, kamera ya boksi iliyouzwa dola moja. Kupiga picha kukaacha kuwa kazi ya fundi peke yake.

Wapo pia waliofanya biashara. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeishi koloni hili miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipiga picha nyingi sana za askari, masoko, treni na watu wa kila aina. Kazi zake ziko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na mwezi Desemba 2008 hifadhi hiyo ilizimwaga mtandaoni picha zaidi ya 80,000 za makusanyo yake mbalimbali kupitia Wikimedia Commons, za Dobbertin zikiwemo. Bure kabisa, hata bando la wiki linatosha. Ukizipitia picha za enzi ile moja moja, kuna mambo mawili yatakukera.

La kwanza ni zile sura. Dawa iliyopakwa kwenye vioo vya wakati ule iliuona mwanga wa bluu kupita kiasi, na nyekundu karibu haikuiona kabisa. Sasa fikiria Usambara. Anga ni bluu, na milima ya mbali ina ukungu wa bluu-bluu, kwa hiyo vyote vinaungua na kuwa vyeupe pee. Ngozi yetu imejaa wekundu na manjano, rangi ambazo kioo hakizioni, kwa hiyo inatoka nyeusi kuliko ilivyo. Mtu mwenye rangi ya maji ya kunde anaonekana kama kapakwa masizi. Mzungu aliyeshika picha hiyo kule Berlin alidhani anamwona Mshambaa. Alikuwa anaona upungufu wa dawa.

Mkanda wa rangi ulipokuja mtu angetegemea mambo yakae sawa. Wapi! Maabara za kusafisha picha zilipima rangi zake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi maarufu kwa jina la Shirley, na mashine ikishamfurahisha yeye basi wengine mtajiju. Kampuni ya Kodak ilianza kuhangaika na rangi za kahawia baada ya watengeneza chokoleti na samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao zinatoka vibaya. Mbao zilisikilizwa kabla yetu. Nikikumbuka hilo huwa nacheka kwa hasira.

Walioziweza sura zetu ni wenye studio za huku huku. A.C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19. Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio hapo hapo Unguja mwaka 1930. Studio ni biashara: mteja kalipa, mteja akijiona mweusi tii hachukui picha, na kesho anakwenda kwa jirani. Kwa hiyo fundi lazima ajifunze. Studio za zamani zilitegemea mwanga wa mchana unaopita dirishani au kwenye paa la kioo, mwanga laini unaoingia kwa ubavu. Baadaye wale wapiga picha wa mtaani wenye mkanda wa picha 36 walifanya ujanja huo huo bila studio: wanakutoa juani, wanakusimamisha barazani, uso unatazama nje. Hakukuwa na kufuta na kurudia. Kila ukibofya, hela imeondoka.

Kamera ya dijitali yenyewe ilizaliwa 1975 kwenye maabara ya Kodak. Mhandisi Steven Sasson aliunda dude la kilo 3.6 lililotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, ubora wake megapikseli 0.01. Kufikia 2010 kampuni za Kijapani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 kwa mwaka mmoja, nyingi zikiwa hizi ndogo. Halafu simu zikazimeza. Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao Januari 2012.

Lakini ndani ya hii kamera ndogo bado kuna akili ya kizamani. Kipima mwanga chake kinaamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Ukielekeza kwenye ukungu wa Magamba saa moja asubuhi, kinaona weupe umezidi, kinaogopa, kinapunguza mwanga. Ukungu unakuwa kijivu kichafu na rafiki yako anakuwa kivuli. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho watu wanakaa na kamera miaka mitatu hawajawahi kukigusa. Kwenye ukungu peleka +0.7 au +1. Kwa sura nyeusi yenye anga jeupe nyuma, hata zaidi. Weupe wa nyuma ukiungua, ungue tu, hukwenda kupiga picha mawingu. Kama unataka vyote viwili, washa flashi mchana, msogelee mtu wako, mita mbili hivi, uso ujazwe mwanga.

Flashi hiyo hiyo ndani ya ukungu izime. Matone ya maji yanaurudishia lenzi mwanga na unapata picha ya madoa meupe. (Mjerumani mwingine, Schillings, alijulikana dunia nzima mwaka 1905 kwa kitabu chake chenye picha za simba na chui alizowapiga usiku nyikani kwa unga wa magnesiamu. Flashi ya enzi hizo ilikuwa mlipuko kabisa. Wewe unalalamika betri.)

Ujanja mwingine ni ule wa baraza. Pale Soni, akina mama wanaouza peasi na plamu wakikaa chini ya kivuli cha banda huwa wana mwanga ambao studio ya Gomes ingeulipia. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu ukiwa umelenga uso, kamera ipime hapo, kisha bila kuachia panga picha yako na ubonyeze mpaka mwisho. Ukimkuta kinyonga porini, weka alama ya ua, sogea, na usitumie zumu. Na ukishuka na baridi yako mpaka Mombo, iache kamera kwenye begi kwanza, maana joto la kule litaifanya lenzi itoke jasho.

Nimesema mambo mawili yatakukera. La pili ni majina. Maelezo chini ya picha nyingi za zama zile yanataja kabila, kazi, au mahali. Mwanamke wa Kishambaa. Mpagazi. Askari. Mwenye picha anajulikana kwa jina, mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa. Aliyepigwa hajulikani. Na si kwamba watu wale hawakujali majina: kuna ua dogo la zambarau la misitu hii, ambalo leo linakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi Saintpaulia, kwa heshima yake. Ua likapata jina la bwana mkubwa. Mama aliyepita mbele ya lenzi na mzigo kichwani hakupata hata jina lake mwenyewe.

Sasa angalia sisi. Kuna staa mmoja, jina nalihifadhi, alipanda Lushoto akarudi na picha za bibi mmoja mwenye kuni. Picha nzuri, mwanga safi, sura imetoka. Kapsheni: "Maisha halisi ya kijijini." Laiki kibao. Tofauti yake na kadi ya posta ya 1910 ni ipi? Ndiyo maana siku ya gulio ukiinua kamera baadhi ya akina mama wanageuza uso. Wanajua picha inaondoka na haitarudi.

Kamera ndogo inalimaliza hili kirahisi kuliko kifaa chochote kilichowahi kupanda milima hii. Ina kioo nyuma: omba kwanza, piga, mwonyeshe, akikataa futa mbele yake. Akikubali, muulize jina na kama anataka litajwe, liandike kwenye daftari, kisha ipige picha kurasa hiyo. Zitakaa pamoja kwenye kadi, zimefuatana. Ukirudi mjini safisha nakala moja, umpelekee.

Na zile za zamani bado hazijachelewa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1910 aliweza kuishi hadi miaka ya 1960, kwa hiyo mzee wa miaka 80 wa leo huko Mtae au Vuga huenda alimwona kwa macho yake. Wikimedia ina sehemu ya kuripoti makosa kwenye maelezo ya picha za Bundesarchiv. Safari ijayo chagua picha kumi za Usambara, zichapishe kubwa, maana macho ya wazee hayapatani na kioo cha simu, umpelekee babu. Kaa naye barazani, na uwe na kalamu.