Cc Zilezile, Nguvu Tofauti

Anayenunua pikipiki huuliza kwanza ni ya cc ngapi, yaani silinda zake zina ujazo gani, kana kwamba jibu hilo linatosha kumweleza nguvu ya injini. Historia ya cc 125 inaonyesha vingine. Mwaka 1966 Luigi Taveri alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 125 kwa Honda ya silinda tano iliyozidi nguvu za farasi 30, ikizunguka mara 20,000 hivi kwa dakika. Miaka kumi baadaye kampuni hiyohiyo ikatoa CG125, yenye nguvu za farasi 11 hivi. Si kwamba wahandisi walikuwa wamesahau kazi yao. CG125 ilikusudiwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kubadilishiwa oili kwa kuchelewa, hivyo waliacha mnyororo wa kuendesha valvu, wakarudi kwenye vifimbo vya kuzisukuma, vinavyovumilia shida. Mahitaji ya soko ndiyo yaliyopanga nguvu.

Kwingine iliyopanga ni sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uingereza iliwashusha wanaojifunza kuendesha kutoka cc 250 hadi 125, tena kwa injini isiyozidi nguvu za farasi 12. Italia nako vijana walizipenda Cagiva Mito na Aprilia RS125, ambazo zikiachwa huru zilikaribia 30 au kuzipita. Pikipiki hizohizo, ili zimfae mwanafunzi wa Uingereza, zilibanwa pumzi.

Wapo watakaosema tofauti hizi huletwa na mazingira. Kweli, hewa nyembamba ya Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hupunguza nguvu ya injini ya petroli ikilinganishwa na Mombasa. Lakini hilo huipata injini ikiwa tayari barabarani. Halielezi kwa nini kiwanda kiliipa nguvu fulani tangu mwanzo. Wengine watasema serikali hubana nguvu ili kuokoa maisha ya vijana. Hoja hiyo ina uzito, nayo ndiyo inayoiangusha cc: kama hatari iko kwenye nguvu, basi ipimwe nguvu yenyewe. Ulaya ndivyo ilivyofanya kwa leseni ya A1, inayodai cc zisizozidi 125 na pia kilowati zisizozidi 11. Japani nayo, Aprili 2025, iliruhusu pikipiki za hadi cc 125 ziendeshwe kwa leseni ya cc 50, mradi zisizidi kilowati 4.

Afrika Mashariki bado tunahesabu kwa cc. Mwaka 2008 Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, mpaka uliowekwa ulikuwa cc 250. Sasa bodaboda za umeme zinapita Nairobi na Kigali, na mota zake hazina silinda ya kupimwa. Sera inayotaka kuzipanga pamoja na za petroli haina budi kuhesabu kilowati.