Je, Kukaa Mezani na Mtawala Anayebana Watu Kunaleta Uhuru?

SWALI:

Sheikh, sisi ni Waislamu wa Kasoli, Bariadi, mkoani Simiyu. Baada ya yaliyotokea katika uchaguzi wa Oktoba 2025 tumegawanyika msikitini. Wapo wanaosema mataifa ya nje na viongozi wa dini waendelee kuzungumza na Serikali. Wengine wanasema kuzungumza na anayebana watu ni kumpa nguvu. Tunaomba ufafanuzi.

JIBU:

AlhamduliLlah, rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Asili ya mazungumzo ni kujuzu. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) Alimtuma Nabii Musa na Harun ('alayhimas salaam) kwa Firauni, Akawaamuru waseme naye kwa upole. Lakini upole ule ulibeba dai: awaachie Bani Israil na asiwaadhibu (rejea Suratu Taha, aya 43-47). Na katika Surat Hud, aya 113, tumekatazwa kuwaelemea waliodhulumu. Kwa hiyo kuzungumza naye kunaruhusiwa, na kuiridhia dhulma yake kunakatazwa.

Ama kuwa mazungumzo yanaleta uhuru, hilo hupimwa kwa matokeo, na sisi Wazanzibari tumelipitia:

1. Muafaka wa 1999. Jumuiya ya Madola iliwasuluhisha CCM na CUF baada ya mzozo wa uchaguzi wa 1995. Mengi hayakutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu wakauawa, wengi wao Pemba. Takriban watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya.

2. Muafaka wa 10 Oktoba 2001. Vyama vilikubaliana vyenyewe. Ikaundwa tume ya uchunguzi ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na upinzani ukapata wajumbe katika Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar.

3. Mazungumzo yaliyofuata yalikwama Machi 2008, pale kikao cha CCM kilichofanyika Butiama, katika mkoa jirani yenu wa Mara, kilipotaka kura ya maoni kwanza.

4. Maridhiano. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia, Katiba ikabadilishwa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa amani.

5. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi. Viongozi walikaa tena Ikulu, hawakuafikiana. Marudio yalifanyika 20 Machi 2016, CUF ikasusia. Siku chache baadaye Marekani ilisitisha msaada wa takriban dola milioni 470 kupitia MCC. Matokeo hayakubadilika.

Tunalojifunza ni kwamba meza ilizaa matunda pale neno lilipoingia katika sheria na wananchi wakaliridhia. Mgeni anaweza kufungua mlango, lakini ahadi hulindwa na wenyewe. Na kususa kwa mgeni, peke yake, hakukurudisha kura. Pia kugawana vyeo hakutoshi: serikali ya pamoja ilikuwepo, na bado uchaguzi mzima ulifutwa kwa tangazo la mtu mmoja.

Kwa hiyo mazungumzo yanajuzu, na kwa mwenye uwezo yanatakiwa, kwa masharti haya: dai liwe wazi, makubaliano yaandikwe na yawekewe muda, waliodhulumiwa wajue kinachosemwa kwa niaba yao, na msuluhishi asinunuliwe kwa zawadi wala safari. Ahadi ikivunjwa, isemwe hadharani. Mkataba wa Hudaybiyya uliandikwa, ndiyo maana Maquraysh walipouvunja ilijulikana nani kauvunja.

Nanyi wa Kasoli, msigombane msikitini kwa jambo hili. Imamu wenu hana meza ya mabalozi, lakini anaweza kufika kwa Mkuu wa Wilaya. Akienda, aende na mashahidi, na majina ya waliokamatwa au waliopotea kama wapo, aulize mmoja mmoja kwa adabu, na akirudi awaeleze jamaa alichojibiwa.

Wallahu a'lam.