Mwanga Chini ya Barafu

Wapendwa, vijana wa sharika zetu hutuuliza: mnawezaje kuamini kisichoonekana? Kabla ya kuwajibu, na tutazame historia fupi.

Mwaka 1912 Victor Hess, mwanafizikia wa Austria, alipanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akiwa na vipimo vya mionzi. Wengi walidhani mionzi hiyo hutoka ardhini tu. Yeye aliikuta imezidi kule juu: ilitoka nje ya dunia. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alisema lazima iwepo chembe isiyo na chaji, ile tunayoiita leo nyutrino, ila aliogopa kwamba haitaonekana kamwe. Ilithibitishwa mwaka 1956.

Nyutrino hupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Mara chache sana moja hugonga atomu, na ndani ya barafu safi mgongano huo huzaa mwanga hafifu wa buluu. Kwa hiyo watafiti walikwenda Ncha ya Kusini. Vyombo vya kwanza vya mradi wa AMANDA, miaka ya 1990, vilishushwa mita 800 hadi 1,000. Wakakwama: barafu ya hapo ilijaa viputo vya hewa vilivyotawanya mwanga. Hawakuondoka, wala hawakutangaza walichokuwa hawajakiona. Walichimba chini zaidi. Kituo cha IceCube kilikamilika Desemba 2010, kikiwa na vipokezi 5,160 hadi kina cha mita 2,450. Tarehe 22 Septemba 2017 kilinasa nyutrino moja iliyoelekeza darubini kwenye galaksi iliyo mbali mno.

Hatusemi kwamba nyutrino inathibitisha kuwapo kwa Mungu. Mungu si chembe ya kunaswa barafuni. Sisi tunamjua pale alipojifunua mwenyewe, msalabani, mahali ambapo hakuna aliyetazamia kumwona.

Lakini tukiri jambo moja. Sisi tukifika penye viputo, yaani msiba, au maombi ya miaka bila jibu, wengine huondoka kimya, na wengine husimama kutoa ushuhuda wa jambo ambalo bado halijatendeka. Vijana wetu wanaliona hilo, na ndilo linalowakwaza kuliko sayansi.

Basi wakituuliza tena, tusiwakemee. Tuwaambie kweli: hapa tumeona, hapa bado hatujaona, na bado tunangoja. Kisha tuwakaribishe wangoje pamoja nasi.